Rangi za kumulikia RNA ndani ya seli hai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa baiolojia ya molekuli, wateknolojia wa maabara na yeyote aliyewahi kuona picha ya seli yenye vidoa vya kijani akajiuliza vidoa hivyo vimetoka wapi. Maswali yamefuatana jinsi yanavyozaana.

Protini tunazimulika kwa GFP, ile protini ing'aayo kijani, miaka mingi sasa. Kwa nini RNA iwe taabu?

Kwa sababu protini inaweza kuzaliwa na taa yake. Osamu Shimomura aliitoa GFP kwenye yavuyavu aitwaye Aequorea victoria na kuiripoti mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni yake ikihamishiwa kwenye bakteria au kwenye mnyoo, inawaka huko huko bila kuhitaji kitu kingine chochote cha yavuyavu. Roger Tsien akaiongezea nguvu na rangi, na watatu hao wakagawana Nobeli ya kemia mwaka 2008. Tangu hapo anayetaka kuona protini anaunga jeni mbili, mengine anaiachia seli.

Herufi nne za RNA haziwaki kwa mwanga unaoonekana. Taa lazima itoke nje: ama rangi ya kemikali inayopenya utando wa seli, ama protini ing'aayo inayokuja kuishika RNA. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu taa hizo zinaingia kwa wingi kuliko RNA yenyewe, na ndani ya seli iliyo hai si rahisi kuosha zilizozidi. Wavuvi wa dagaa hawatoki na karabai mwezi ukiwa mpevu. Karabai hazijapungua nguvu, ila bahari nzima imeshakuwa nyeupe. Karibu kila njia inayoelezwa hapa chini ni jitihada ya kulipata giza, si ya kuupata mwanga. Ukisoma makala yoyote ya fani hii ukitafuta kwanza ni nini kinachobaki gizani, utaielewa haraka zaidi.

Si kuna rangi zinazoshika RNA yote? Nitumie hizo, yaishe.

Zipo, na kwa kazi fulani zinatosha. SYTO RNASelect hupenya seli hai na kung'aa kijani ikikutana na RNA. Nukleoli zinawaka kuliko sehemu nyingine zote, maana ndiko ribosomu zinakotengenezwa. Akridini oranji ni ya zamani zaidi: ikijipenyeza kwenye DNA hutoa kijani, ikishikana na RNA hutoa wekundu. Lakini kwenye seli hai hupenda pia kujilundika ndani ya lisosomu na kuwaka rangi ya machungwa huko, na mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kwamba ameona RNA kwenye vifuko vya saitoplazimu.

Kuna matumizi ambayo wengi wa wasomaji wetu wanayajua bila kuyahesabu kuwa ni upigaji picha wa RNA. Hesabu ya retikulosaiti. Chembe nyekundu changa ya damu imeshapoteza kiini lakini bado ina mabaki ya RNA ya ribosomu, na methileni bluu mpya ikichanganywa na damu mbichi, kabla chembe hazijakaushwa kwenye slaidi, huyafanya mabaki hayo yaonekane kama wavu wa bluu. Kipimo hicho hufanywa kila siku kwa wagonjwa wa selimundu. Tangu miaka ya 1980 thiazoli oranji imekuwa ikifanya kazi hiyo hiyo kwa kung'aa, ndani ya mashine zinazohesabu chembe moja moja. Likumbuke jina hilo la thiazoli oranji, tutalirudia.

Kinachozishinda rangi hizi ni kuchagua. Takribani asilimia 80 ya RNA ya seli ni ya ribosomu. RNA ya ujumbe (mRNA) ni asilimia chache tu, na ujumbe wa jeni moja unaweza kuwa nakala kadhaa tu katika seli nzima. Rangi inayoshika kila RNA itakuonyesha ribosomu, basi.

Ethidiamu ya kupakia jeli ninayo tayari. Inafaa?

Hapana. Kwa shida sana huingia kwenye seli yenye utando mzima, ikiingia hukimbilia DNA, na si kitu cha kuchezea.

Rangi inawezaje kujizima ikiwa peke yake?

Molekuli ikimeza mwanga inabaki na nishati ya ziada, na lazima iitoe. Inaweza kuitoa kama mwanga wa rangi nyingine, au inaweza kujinyonganyonga mpaka nishati yote iishie kwenye joto. Rangi zinazotufaa zina vipande viwili vilivyoshikanishwa na kifundo kinachozunguka kwa urahisi. Zikiwa huru kwenye maji hujinyonga na kubaki gizani. Zikibanwa mahali finyu zisiweze kujigeuza, njia ya joto inafungwa na mwanga unatoka.

Malakaiti grini ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuonyesha hilo wazi. Wafugaji wa samaki wanaijua kama dawa ya ukungu, na nchi nyingi zimeikataza kwenye samaki wa kuliwa. Ikiwa kwenye maji, unaweza kusema haiwaki kabisa. Mwaka 2003 maabara ya Tsien ilionyesha kwamba ikishikwa na kipande cha RNA kilichoteuliwa kwa ajili yake, mng'ao wake hupanda zaidi ya mara 2,000. Tatizo lake ni kwamba ikipigwa mwanga huzalisha kemikali kali zinazoharibu vilivyo jirani, kwa hiyo ndani ya seli hai haikufika mbali. Wazo, hata hivyo, lilikuwa limeshathibitishwa.

Hicho "kipande cha RNA kilichoteuliwa" ni nini?

Kinaitwa aptama. RNA si uzi ulionyooka. Hujikunja, na baadhi ya mikunjo hutengeneza vishimo vinavyotoshea molekuli fulani tu. Mwaka 1990 makundi mawili nchini Marekani, la Craig Tuerk na Larry Gold huko Boulder, na la Andrew Ellington na Jack Szostak huko Boston, yalibuni njia ya kuvipata bila kuvikisia: unatengeneza matrilioni ya nyuzi zenye mifuatano ya kubahatisha, unazipitisha kwenye molekuli unayoitaka, unatupa zilizoshindwa kushika, unazalisha zilizoshika, unarudia. Baada ya raundi kadhaa unabaki na mabingwa.

Spinach ilipatikana kwa njia hiyo. Samie Jaffrey na wenzake, katika chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliangalia kitovu cha GFP, yaani ile sehemu ndogo inayotoa mwanga, na kugundua kwamba ukiitengeneza peke yake kama kemikali haiwaki: inajinyonga. Ndani ya GFP inawaka kwa sababu protini imeibana. Swali lao lilikuwa kama RNA inaweza kuibana badala ya protini. Waliongeza atomi mbili za florini ili rangi ibaki na chaji inayotakiwa katika hali ya seli, wakaiita DFHBI, kisha wakawinda aptama yake. Matokeo yalitoka mwaka 2011: RNA yenye herufi 98 iliyong'aa kijani, ikimeza mwanga karibu na nanomita 469 na kuutoa karibu na 501, ikiwa na karibu nusu ya nguvu ya GFP iliyoboreshwa. Waliiunga kwenye RNA ya 5S ya ribosomu ndani ya seli za binadamu, wakaona ikijikusanya kwenye vidoa pale seli zilipotiwa sukari nyingi.

Miaka mitatu baadaye umbo lake la fuwele lilipojulikana, walioshangaa ni wengi. Katikati kulikuwa na herufi za G zilizopangwa nne nne kama vigae, na rangi imelala juu yake, imebanwa bapa. Mpangilio huo hushikiliwa na potasiamu. Si jambo dogo, kama jibu linalofuata litakavyoonyesha.

Nimefuata maelekezo yote ya Spinach lakini sioni kitu. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu si moja.

Anza na kukunjika. Spinach ya kwanza hujikunja vibaya kwenye nyuzijoto 37, na inataka magnesiamu nyingi kuliko ile iliyo huru ndani ya seli za mamalia. Sehemu kubwa ya RNA yako inaweza kuwepo, imeandikwa sawasawa, na isiwake kwa sababu haina umbo. Ndiyo maana ilitolewa Spinach2 mwaka 2013, na ndiyo maana watu huichomeka aptama ndani ya fremu ya RNA nyingine iliyo imara, kama tRNA, ili iishikilie. Ukifanya jaribio kwenye mrija, hakikisha bafa ina potasiamu. Bafa ya sodiamu peke yake itakuvunja moyo bure.

Pili, wingi. Aptama moja hushika rangi moja tu. Usitegemee kuona RNA inayoandikwa kwa nakala chache kwa kuipa Spinach moja. Mafanikio mengi ya mwanzo yalikuwa kwenye RNA zinazozalishwa kwa fujo, kama hiyo ya 5S.

Tatu, mwanga wako mwenyewe. DFHBI ikiwa imebanwa na kupigwa mwanga mfululizo hugeuka umbo na kuchomoka, na picha inafifia mbele ya macho. Wengi huamini rangi imepauka moja kwa moja. Sivyo: rangi nyingine mpya iliyo kwenye maji huja kukaa mahali pake, na baada ya kiza kifupi mng'ao unarudi. Kwa hiyo usiache taa ikiwaka huku unatafuta seli nzuri. Piga mwanga kwa vipindi vifupi, acha nafasi katikati, piga tena. Hili peke yake limeokoa majaribio mengi.

Nne ni mambo madogo yanayosahaulika. Chakula cha seli chenye fenoli nyekundu au riboflavini hutoa mng'ao wake, hivyo badilisha kabla ya kupiga picha. Rangi iyeyushwe kwanza kwenye kiyeyushi cha DMSO, ihifadhiwe gizani. Kiasi cha kuanzia kwa DFHBI-1T, ndugu wa DFHBI, kwenye seli za mamalia ni maikromola 20 hadi 40, kwa E. coli na DFHBI ya kawaida watu hupanda hadi 200. Subiri kama nusu saa.

Broccoli, Mango, Corn, Pepper: nichague ipi?

Bustani imejaa, na kila mwaka inaongezeka. Huu ni mtazamo wa anayeandika, wengine watabisha.

Broccoli, ya mwaka 2014 kutoka maabara hiyo hiyo ya Jaffrey, ndiyo ya kuanzia. Ina herufi 49 tu, haidai magnesiamu nyingi, na iliteuliwa kwa busara zaidi: baada ya mrija, raundi za mwisho zilifanyika ndani ya E. coli, seli zinazowaka zikachambuliwa kwa mashine. Yaani ilishinda mtihani katika mazingira itakayofanyia kazi. Inatumia DFHBI-1T, ambayo peke yake ni nyeusi kuliko DFHBI, na kichujio cha GFP kinaiona vizuri.

Mango ilitoka Kanada mwaka huo huo, kwa Peter Unrau wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Rangi yake ni ile thiazoli oranji ya mashine za damu, iliyofanyiwa marekebisho. Sifa yake ni kushika kwa nguvu, kiwango cha nanomola chache, na kung'aa zaidi ya mara 1,000. Kushika kwa nguvu maana yake unaweka rangi kidogo, na rangi kidogo maana yake giza zaidi. Matoleo ya mwaka 2018, hasa Mango II, yanavumilia seli za mamalia vizuri, na mwaka 2020 mfululizo wa Mango II nyingi uliwezesha kufuatilia RNA moja moja. Lakini thiazoli oranji bado ina tamaa ya DNA na RNA nyingine. Kiini cha seli kikianza kung'aa chote, punguza rangi kabla hujafanya lolote lingine.

Corn ya mwaka 2017 ni ya manjano na huvumilia mwanga kwa muda mrefu. Ila hufanya kazi kwa jozi: RNA mbili hukumbatiana rangi ikiwa katikati. Kwa kupima kasi ya uandishi wa RNA ni nzuri sana. Kwa kufuatilia ujumbe unaotembea, fikiria mara mbili kabla ya kuufunga pingu na mwenzake.

Pepper, ya Shanghai, mwaka 2019, ndiyo iliyobadilisha hali. Ina herufi 43, inashika rangi za jamii ya HBC kwa nguvu kama Mango, haitegemei magnesiamu kwa ukali, na aptama ile ile hupokea rangi tofauti kuanzia samawati hadi nyekundu. Ukiwa tayari una protini ya kijani kwenye seli zako, Pepper nyekundu inakutoa kwenye msongamano. Kama bajeti inaruhusu kununua rangi ya HBC, anza hapa badala ya Broccoli.

Ziko pia njia zinazotumia rangi za rodamini, zilizo imara zaidi chini ya leza. RhoBAST ya Heidelberg, mwaka 2021, hupokea rangi na kuiachia haraka, hivyo iliyochoka inabadilishwa na mpya. Ni ya wenye hadubini za kiwango cha juu.

Nasikia wakubwa bado wanatumia MS2. Si imepitwa na wakati?

Haijapitwa. Kwa kufuatilia molekuli moja ya RNA ikisafiri ndani ya seli, MS2 bado ndiyo inayoaminiwa.

MS2 ni kirusi cha bakteria. RNA yake ina kitanzi cha herufi 19 ambacho protini ya ganda lake hukishika kwa nguvu. Mwaka 1998 kundi la Robert Singer, New York, lilichukua kitanzi hicho, likakiunga kwenye ujumbe wa ASH1 wa hamira, na kuifungia protini ya ganda taa ya GFP. Wakaona kwa macho kitu kilichokuwa kikijulikana kwa seli zilizokufa tu: ujumbe ukibebwa na mota ya myosini kutoka seli mama hadi ncha ya chipukizi, ili protini ya Ash1 ipatikane kwa mtoto peke yake. Siku hizi kawaida ni vitanzi 24, kila kimoja na protini mbili, hivyo RNA moja yaweza kubeba taa 48. Ndiyo siri yake: haitegemei taa kuzimika, inategemea kuzirundika.

Giza hapa linatafutwa kwa ujanja. Protini zisizoshika kitu huwekewa lebo ya kurudi kwenye kiini, ili saitoplazimu ibaki tupu na kila kidoa kinachoonekana huko kiwe ni RNA. Na siku hizi wengi hawatumii GFP tena. Huunga protini ya ganda na HaloTag, yaani protini inayojifunga na rangi iliyotengenezwa kwa ajili yake, kisha hutia rangi ya kemikali kama zile za Janelia Fluor alizotengeneza Luke Lavis, ambazo huvumilia leza kuliko protini yoyote ing'aayo. Mwaka 2011 kundi la Singer lilitoa panya ambaye ujumbe wake wenyewe wa aktini ya beta una vitanzi hivyo, na mwaka 2014 wakautazama ukisafiri kwenye matawi ya niuroni.

Kuning'iniza mkia mrefu namna hiyo hakubadilishi RNA yenyewe?

Hubadilisha wakati mwingine, na asiyelijibu swali hili kwenye andiko lake hastahili kuaminiwa. Vitanzi 24 pamoja na nafasi zilizo katikati vinaongeza zaidi ya herufi 1,000. Kwenye hamira ilionekana mwaka 2015 kwamba kimeng'enya kinachotafuna RNA hukwama kwenye vitanzi vilivyoshikwa na protini: ujumbe wenyewe umeshaliwa, vipande vya mkia vimebaki, na hadubini inaendelea kuonyesha vidoa vya RNA ambayo haipo. Vitanzi vilivyolegezwa, vilivyotolewa mwaka 2018, viliponya sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Aptama ndogo kama Broccoli na Pepper zina unafuu hapa, lakini unafuu si kinga. Mahali unapoichomeka pana maana. Ndani ya sehemu inayosomwa na ribosomu utavuruga protini. Eneo la mwisho lisilosomwa ndilo la kawaida, ingawa huko ndiko pia kulikojaa alama zinazoamua RNA iende wapi na iishi muda gani.

Naweza kuona RNA ya asili bila kugusa jeni?

Njia ya zamani kuliko zote ni vimulimuli vya molekuli, walivyobuni Sanjay Tyagi na Fred Russell Kramer mwaka 1996. Ni uzi mfupi uliokunjika kama pini ya nywele, ncha moja ina rangi, nyingine ina kizima-mwanga. Ukiwa umekunjika, viwili hivyo vinagusana na kuna giza. Ukikutana na mfuatano unaolingana nao, unafunguka na kuwaka. Mwaka 2003 kundi lao, akiwemo Musa Mhlanga wa Afrika Kusini, lilivitumia kuona ujumbe wa oskar ukisafiri ndani ya yai hai la inzi wa matunda.

Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu huenda amewahi kukaa karibu na vimulimuli hivi bila kujua. Kipimo cha Xpert MTB/RIF cha kifua kikuu, kilichopitishwa na WHO Desemba 2010, kilitumia vitano kati yao kusoma kipande cha herufi 81 cha jeni ya rpoB na kutambua usugu wa rifampisini. Pale vinasoma DNA iliyozalishwa kwenye katriji, si RNA ya seli hai, lakini ujanja wa giza ni ule ule.

Ndani ya seli hai vimulimuli vina kasoro mbili. Haviingii vyenyewe, lazima vidungwe kwa sindano nyembamba au utando utobolewe kwa muda. Na vikishaingia hukimbilia kiini na kujilundika huko, vingine vikifunguka bila kukutana na chochote.

Njia mpya ni za CRISPR, yaani protini za bakteria zinazoelekezwa na RNA fupi kwenye mfuatano unaoutaka. Cas9 iliyoelekezwa kwenye RNA mwaka 2016, na Cas13 iliyong'olewa makali mwaka 2017, zote zilifuatilia ujumbe ukiingia kwenye chembechembe za dhiki, vile vishada vya RNA na protini vinavyojitokeza seli ikibanwa na mazingira. Lakini protini isiyoshika kitu nayo inang'aa. Umerudi kwenye mbalamwezi.

Niweke sampuli gani za ulinganisho?

Zote hizi, na usione uvivu. Seli zisizo na aptama wala rangi, kujua mng'ao wa asili. Seli zisizo na aptama zenye rangi. Seli zenye aptama zisizo na rangi. Na ya nne, inayorukwa na wengi: aptama iliyovunjwa, yenye herufi chache zilizobadilishwa ili isikunjike, ikiwa imeungwa kwenye RNA ile ile, pamoja na rangi. Hii ya nne ndiyo pekee inayotenganisha "naona RNA yangu" na "naona seli iliyochoshwa na plasmidi", kile kiduara cha DNA ulichoingizia jeni.

Kisha fisha seli kwa formaldehidi na uhakikishe kwa njia nyingine. Kupaka RNA moja moja kwa vichunguzi vifupi, kama ilivyorahisishwa mwaka 2008 na Arjun Raj na Tyagi kwa vichunguzi hadi 48 vya herufi 20, ndiyo mizani ya fani hii. Vidoa vya seli hai visipolingana na vya seli zilizofishwa, vya seli hai ndivyo vya kushukiwa.

Kama ujumbe wako unaishi muda mfupi, ongeza aktinomaisini D kusimamisha uandishi. Mng'ao usiposhuka kamwe, unachokitazama si ujumbe.

Naweza kuhesabu molekuli?

Kwa MS2 na mifululizo ya aptama, ndiyo, ukiwa na kamera nyeti. Kwa aptama moja, hapana: unapima wingi kwa jumla, na hata huo unachanganyika na swali la ngapi zimekunjika sawasawa. Kumbuka pia kwamba hadubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko takribani nanomita 200, hivyo kidoa kimoja si lazima kiwe RNA moja.

Rangi hizi ni sumu kwa seli?

DFHBI na ndugu zake hazijaonyesha madhara makubwa kwa viwango vya kawaida, na HBC vivyo hivyo. Malakaiti grini tumeshaieleza. Rangi zinazojipenyeza kwenye DNA zichukuliwe zote kuwa hatari, kwa seli na kwako: glavu, tafadhali. Muuaji mkuu kwenye picha za saa nyingi ni mwanga wenyewe, hasa wa nanomita 405.

Hadubini ya LED ya kifua kikuu iliyopo maabara yetu itatosha?

Kwa kuona aptama ndani ya seli, usiitegemee. Taa yake ni ya bluu, lakini vichujio vimepangwa kwa auramini, na bakteria za kifua kikuu zilizopakwa auramini huwaka kwa nguvu ambayo Broccoli haina. Unachohitaji ni mwanga wa karibu nanomita 470 hadi 488, kichujio cha GFP, lenzi ya mafuta, na kamera nyeti. Kwa maonyesho darasani, tengeneza Broccoli kwenye mrija kwa kimeng'enya cha T7, tia DFHBI-1T, kisha uweke juu ya taa ya bluu ya kutazamia jeli ukivaa miwani ya rangi ya machungwa. Inaonekana kwa macho.

Mwenye swali zito asiye na chombo ajaribu Africa Microscopy Initiative, kituo cha Cape Town kilichoanzishwa kuwapa watafiti wa bara hili hadubini za hali ya juu.

Haya yote yana uhusiano gani na chanjo za mRNA?

Ugunduzi wa Katalin Karikó na Drew Weissman, uliopewa Nobeli ya tiba mwaka 2023, ulihusu kuificha RNA dhidi ya kinga ya mwili. Lakini RNA iliyofichwa bado lazima itoke kwenye kifuko ilichomezwa nacho, na hapo picha za hadubini ndizo zilizosema ukweli mchungu. Mwaka 2013 ufuatiliaji wa RNA fupi zilizopelekwa kwa chembe za mafuta ulionyesha kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ndizo zilizovuka na kufika saitoplazimu. Katika kazi za aina hii rangi, kama Cy5, hufungwa moja kwa moja kwenye RNA kabla haijaingia, kwa hiyo inawaka muda wote, hata RNA ikiwa imeshakatika vipande.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nina E. coli, bajeti ndogo na msimamizi asiye na subira. Nianzeje?

Chukua plasmidi ya jamii ya pET yenye Broccoli ndani ya fremu ya tRNA, iingize kwenye BL21 Star (DE3), aina ya E. coli ambayo huchelewa kutafuna RNA. Tengeneza na ile iliyovunjwa siku hiyo hiyo, usiiache kwa baadaye. Amsha uandishi kwa kemikali ya IPTG, osha seli, tia rangi, subiri nusu saa, kisha pima kwanza kwenye mashine ya kusoma sahani kabla ya kugusa hadubini. Tofauti ya kwenye sahani ikiwa ndogo, hadubini haitaikuza. Rudi kwenye potasiamu, joto na wingi wa uandishi. Ikiwa kubwa, weka tone kwenye kipande cha agarosi, fungua taa kwa sehemu ya sekunde, piga picha moja, na ufunge taa.